Boti Inapovuta Upande: Mtafute Mkosaji Kabla ya Kushika Tupa

Boti ya skii ya majini iliyozeeka, ile ya Kimarekani yenye injini katikati na shafti inayotoboa sakafu kwenda nyuma, ina jambo moja linalomshtua kila aliyeinunua majuzi: ukilegeza mkono kwenye stelingi ikiwa mbioni, haikungoji. Stelingi inazunguka yenyewe, pua inaelekea upande mmoja, na ukiikazia mkono asubuhi nzima unarudi gatini bega linauma. Wa kwanza kuulizwa huwa ni muuzaji, naye atasema zote ziko hivyo. Wa pili ni fundi wa jirani, naye atasema leta nisage usukani. Wote wawili wana chembe ya ukweli, na hapo ndipo hatari ilipo: wa kwanza anakulaza usingizi, wa pili anakuondolea chuma ambacho hakirudi.

Nawaandikia hasa wenzetu walioko Marekani, wale ambao baada ya miaka kadhaa ya kazi na baridi wamegundua kwamba boti ya mwaka 1988 inaweza kupatikana kwa bei ya gari kuukuu. Hapa Minnesota, ambako Ralph Samuelson aliteleza kwa mbao mbili juu ya Ziwa Pepin mwaka 1922 na mchezo huu ukazaliwa, hukosi kuiona moja imefunikwa turubai kwenye ua wa mtu. Wengi wetu tulikulia Mombasa, Kisumu au Mwanza tukizijua boti za mashine ya kufunga nyuma, ambazo propela yenyewe ndiyo inayogeuzwa. Huku propela haigeuki. Imekaa pale pale chini ya tumbo la boti, inasukuma maji, na kinachokugeuza ni bapa la chuma, mara nyingi shaba, lililosimama nyuma yake. Bapa hilo nitaliita usukani, na ile unayoishika mkononi nitaiita stelingi, tusije tukachanganyana.

Correct Craft ya Florida imekuwa ikiunda Ski Nautique tangu 1961, na MasterCraft ikaanza Tennessee mwaka 1968. Vyombo hivi viliundwa kwa kazi moja: kwenda mstari ulionyooka huku mtu mzima akining'inia upande huu na upande ule wa kamba. Kwenye njia ya mashindano ya slalomu, yenye urefu wa mita 259, boti hupita kati ya maboya yaliyoachana mita 2.3 tu, na kwa wanaume mwendo hufika kilomita 58 kwa saa. Mtelezaji naye anayazunguka maboya yake mita 11.5 kutoka mstari wa katikati, na kila anapokata kurudi anaivuta boti ubavuni. Dereva anayepigana na stelingi yake mwenyewe hana mkono uliobaki wa kumjibu. Na hata kama wewe ni wa kuwavuta watoto tu kwenye tairi la mpira siku ya Jumamosi, hakuna sababu ya kuteseka.

Sasa, muuzaji aliyesema zote ziko hivyo hakudanganya kabisa. Shafti ya boti hizi hushuka kwa mshazari kutoka kwenye injini, kwa hiyo propela imeinama. Panga linaloshuka linayakata maji kwa pembe kali kuliko linalopanda, na upande wake unasukuma zaidi. Propela inayozunguka kulia, yaani kwa mwendo wa saa ukiitazama kutoka nyuma, huelekea kuipeleka pua kushoto. Inayozunguka kushoto hufanya kinyume. Zipo boti za kulia na zipo za kushoto, basi usikisie, chungulia. Juu ya hilo, maji yanayotoka kwenye propela hayaendi moja kwa moja. Yanajisokota, na usukani umesimama katikati ya msokoto huo. Sehemu ya juu ya bapa inapigwa kutoka upande mmoja, ya chini kutoka upande wa pili, na ni nadra nguvu hizo mbili zilingane. Inayozidi ndiyo unayoisikia mkononi.

Waundaji wanalijua hili tangu zamani. Katika boti nyingi usukani haukuwekwa kwenye mstari mmoja na shafti. Umesogezwa kando kidogo, jambo ambalo pia hukuwezesha kuichomoa shafti bila kuufungua usukani. Ukingo wake wa nyuma nao mara nyingi umepigwa tupa upande mmoja tangu kiwandani. Tena waundaji wengi huacha kwa makusudi mvuto kidogo, kwa sababu usukani usiovutwa popote huchezacheza ndani ya ulegevu wa kebo, na boti inaanza kutangatanga. Mvuto mdogo unaikaza kebo upande mmoja na dereva anapata kitu cha kuegemea. Kwa hiyo ukiinama nyuma ya trela ukaona usukani umekaa nje ya mstari, usikimbilie kuita fundi wa kuunyoosha. Huenda ndivyo ulivyozaliwa.

Swali lenye faida ni hili: inavuta kuliko zamani, na tangu lini? Ikiwa umeinunua juzi na zamani yake huijui, muulize muuzaji mambo matatu kabla hajaacha kupokea simu zako. Propela hii ndiyo iliyokuja na boti? Kebo ya stelingi ilibadilishwa lini? Chombo kimewahi kupanda mchangani au kugonga gogo? Majibu hayo matatu yatakuokolea pesa kuliko siku nzima ya fundi.

Watu huja na malalamiko matatu tofauti na kuyapa jina moja. Wa kwanza, stelingi yake inageuka yenyewe akiiachia. Wa pili, stelingi imetulia lakini boti inakwenda upande, na kadiri mwendo au mzigo unavyobadilika ndivyo anavyolazimika kuishika kombo zaidi au kidogo. Wa tatu, stelingi ni nzito tu, ila kwa kuwa ni nzito zaidi upande mmoja anadhani inavutwa. La kwanza linatokana na nguvu zinazoushika usukani wenyewe. La pili chanzo chake ni tumbo la boti, mapezi au uzito. La tatu ni kebo, au pale usukani unapopenya sakafu. Kuna na la nne ambalo si ugonjwa: boti inanyooka, mkono hauumi, ila stelingi imekaa kombo kiasi kile kile kwenye kila mwendo, hata ukienda polepole. Hayo ni marekebisho ya kiungio cha mwisho wa kebo, kazi ya spana mbili, na usimlipe mtu pesa nyingi kwa ajili yake.

Ili ujue wewe ni wa ngapi, ingia majini. Chagua asubuhi isiyo na upepo, kabla boti za watu wengine hazijaanza kuchafua maji. Toa maji yote ya ngama, yasije yakahamia upande mmoja na kukudanganya. Washa feni ya chumba cha injini dakika 4 kabla ya kupiga stati, kama kibandiko kinavyosema; mvuke wa petroli uliojikusanya chini hausamehe. Chukua mtu mmoja wa kukusaidia, mkalishe katikati, na kamba isiwe na mtu. Mwendo usiusome kwenye mshale wa boti: kwenye boti kuukuu mshale huo mara nyingi hutegemea kitundu kidogo kinachopokea maji kwa nyuma, na kikizibwa na uchafu unasoma uongo. Simu yako inatosha.

Nenda kwanza polepole, kilomita 8 hivi kwa saa, kisha 25, kisha 40, kisha 50. Katika kila mwendo nyoosha njia, halafu fungua vidole bila kuviondoa, viizunguke stelingi pasipo kuigusa. Tazama inageukia wapi na kwa haraka gani. Halafu geuza chombo na urudie yote kuelekea ulikotoka, ili upepo mdogo au mkondo usihesabiwe kuwa kosa la boti. Ukitaka kuwa makini zaidi, nunua ile mizani ya ndoano ya kupimia masanduku ya ndege. Itundike kwenye ukingo wa stelingi, msaidizi aivute mpaka boti inyooke, asome kilo. Namba hiyo, pamoja na mwendo uliokuwa nao, iandike. Bila hiyo, baada ya kila marekebisho utakuwa unajibembeleza kwamba imepungua.

Kipimo kinachofuata watu wengi hawakijui, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Ukiwa kwenye kilomita 40 au 50 na pua imenyooka, punguza moto kwa utulivu mpaka gia iwe huru, na uisikilize boti inavyoteleza sekunde chache kabla haijazama kwenye maji. Usiikate ghafla, la sivyo wimbi lako mwenyewe litakukuta nyuma na kukuingilia. Katika sekunde hizo propela haisukumi tena na ule msokoto wa maji umekwisha. Kama mvuto umepotea nao, mtafutie kosa propela na namna maji yake yanavyoupiga usukani. Kama mvuto umebaki, ama usukani umepinda au umekaa pabaya, ama pezi, ama tumbo la boti, ama mzigo. Umekwisha kugawa msitu nusu kwa nusu na bado hujafungua bolti hata moja.

Baada ya hapo ipandishe kwenye trela. Kazi ya kwanza nchi kavu ni kuitenga kebo na usukani. Nyuma kabisa, chini ya sakafu, mara nyingi nyuma au chini ya tangi la mafuta, utaona mkono mfupi wa chuma umebana kichwa cha usukani. Mabaharia wetu wangeuita kana. Mwisho wa kebo umefungwa hapo kwa pini au bolti. Itoe. Utalala kifudifudi na kukwaruza viwiko, lakini hapo majibu ni ya papo hapo. Zungusha stelingi: inapaswa kwenda kwa vidole viwili, laini, toka mwisho hadi mwisho. Kisha shika kana uisogeze: usukani ugeuke kwa mkono mmoja, ukikinza kidogo na sawasawa pande zote. Upande ulio mzito ndio wenye kesi.

Ikiwa ni kebo, usipoteze muda kuitibu. Kebo hizi zimefungwa kwa ndani. Grisi unayoipaka nje haifiki kwenye maumivu. Unachoweza kusafisha ni ule ufito unaotoka na kuingia mwishoni, ambao huota uchafu na grisi iliyokauka ikawa ngumu. Futa, paka mpya, jaribu tena. Ikibaki nzito, nunua kebo mpya nzima. Namba ya urefu na aina kwa kawaida imechapwa kwenye ganda lake karibu na mwisho. Ukiipiga picha, dukani hamtabishana.

Kuna jamaa mmoja aliyebadilisha kebo, akaingia ziwani akiwa na furaha, akarudi amenuna: boti sasa ilivuta mara mbili kuliko kabla. Alikuwa na hakika ameuziwa kebo mbovu. Kebo ilikuwa nzima. Ile ya zamani ilikuwa imeota kutu hata ikaushikilia usukani usitikisike, na mvuto uliokuwepo miaka yote haukufika mkononi. Kebo laini iliuleta tu. Hali ni hiyo hiyo kwa zile stelingi zenye kifaa kinachozuia usukani kuirudisha nyuma: hazitibu mvuto, zinauficha. Si vibaya kuwa nayo, ila ujue kwamba ukiiachia mkono haitakwambia kitu, na itabidi uipime boti kwa macho, kwa kutazama pua inakwenda wapi.

Ikiwa mzito ni usukani wenyewe, tazama pale unapopenya sakafu. Kuna kikombe chenye pakingi ya kamba ndani na nati kubwa ya kuibana, na mara nyingi kuna chuchu ya grisi ambayo wamiliki kadhaa waliotangulia hawakujua ipo. Pigia grisi kwanza. Kama aliyetangulia aliona tone la maji akaikaza nati kwa hasira, ilegeze kidogo kidogo mpaka usukani uwe huru bila kuvuja. Pakingi ya shafti inaruhusiwa kudondosha matone shafti inapozunguka. Ya usukani haina ruhusa hiyo.

Kisha toka nje, piga magoti nyuma ya boti, ushike usukani kwa mikono miwili. Msaidizi aishike stelingi isisogee. Tikisa kushoto na kulia. Kana ikicheza juu ya kichwa cha usukani, bolti inayoibana imelegea au ufunguo mdogo wa chuma uliomo ndani umelika. Hilo ni jambo la kutengeneza siku hiyo hiyo, kwa sababu likiachia ukiwa mbioni huna stelingi tena. Sasa tikisa mbele na nyuma. Ukisikia unagonga ndani, bushi zimekwisha, na usukani unaoyumba ndani ya bushi utavuta leo kushoto na kesho kusikojulikana.

Halafu pitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mbele na wa nyuma, juu mpaka chini, taratibu. Gumba huhisi kile ambacho macho yanakikosa: pengo dogo la kokoto, ukingo uliokunjika kwa upana wa ukucha, upande mmoja mkali na wa pili butu. Lile pengo la mbele lina madhara kidogo. Mkunjo wa ukingo wa nyuma, hata ukiwa mdogo kiasi cha kuonekana hauna maana, unaweza kuwa ndio ugonjwa wote. Weka na rula ya chuma kwenye kila ubavu wa bapa. Ikiacha nafasi katikati upande mmoja na kubembea upande wa pili, bapa limepinda.

Mapezi yako mbele zaidi, chini ya katikati ya boti, mara nyingi matatu kwenye mstari mmoja. Kazi yake ni kuizuia boti isiteleze ubavu, na kwa sababu yapo mbele ya propela, yakipinda yanaivuta boti hata injini ikiwa huru. Kile kipimo cha kuteleza kitakuwa kimekwisha kuyataja. Funga kamba ya mwashi kutoka katikati ya pua hadi katikati ya ubao wa nyuma, ivutwe ikaze, halafu pima kila pezi mwanzo na mwisho wake hadi kwenye kamba. Tofauti ya milimita chache kwenye pezi la mbele ni nyingi. Wa kushtakiwa hapa mara nyingi si gogo la ziwani bali trela: boti imepakiwa kombo, pezi likakaa juu ya ubao wa trela badala ya kupita kando yake, na uzito wote ukaliegemea barabarani. Ukikuta alama mpya ya rangi au chuma kwenye ubao, umempata. Mapezi mengi yamefungwa kwa skrubu, kwa hiyo yanafunguka, yananyooshwa au yanabadilishwa. Yarudishe na gundi ya kuzuia maji, maana tundu linalovuja chini ya maji linaozesha zaidi ya linavyolowesha.

Propela, shafti na mguu wake nitapita haraka, kwa kuwa hivi vikiharibika boti hutetemeka, na mtetemo huutambua hata aliyelala. Panga lililopinda likatengenezwe kwa mtu mwenye vipimo, si kwa nyundo juu ya kisiki. Beringi ya mpira iliyo ndani ya mguu wa shafti ikilika, ukiishika shafti kwa mkono inainuka na kushuka. Kama injini ilitolewa au sapoti zake zilibadilishwa, hakikisha kiungio cha shafti na gia kimekaa sawa: nafasi kati ya visahani viwili, ukiipima kuzunguka pande zote kwa vile vijibati ambavyo mafundi huviita fila, isitofautiane zaidi ya 0.08 ya milimita hivi. Ila jambo moja halitetemeki na watu hulisahau. Ukibadilisha propela nzima ya mapanga matatu kwa nzima ya manne, au yenye ukingo uliokunjwa zaidi, umebadilisha ule msokoto unaoupiga usukani. Boti itavuta kwa namna mpya bila kitu chochote kuharibika. Kama propela ya zamani bado iko gereji, irudishe kwa siku moja ujaribu kabla ya kulaumu usukani.

Uzito nao. Dereva wa boti hizi hukaa kulia, betri iko mahali fulani, mwenye boti kaongeza spika na sanduku la vinywaji, na boti zenyewe ni nyepesi, nyingi za miaka ya 1980 takriban tani moja bila watu. Mtu wa kilo 90 akihama kiti, mvuto unahama. Jaribu hivyo hivyo: msaidizi ahamie kushoto, rudia kipimo. Kinachosumbua zaidi ni maji usiyoyaona. Boti nyingi za wakati huo zilijazwa povu chini ya sakafu, na zenye mifupa ya mbao ndani ya faiba huanza kunywa maji kupitia matundu ya skrubu. Povu likishiba upande mmoja, boti inalala upande huo na kwenda inakolalia. Iache ikiwa tupu kwenye maji tulivu, pima kutoka ukingoni hadi majini, kushoto na kulia. Ikiwa kuna tofauti ya kuonekana, ipitishe kwenye mizani ya malori pamoja na trela, kisha upime trela peke yake, na ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha boti. Kuzidi kwa mamia ya kilo ni habari mbaya, na ni habari ya sakafu, si ya stelingi. Mtu akikuambia atalitibu hilo kwa kusaga usukani, mshukuru uondoke.

Sasa tupa. Ukiwa umefika hapa na kila kitu kiko sawa, stelingi bado inageuka yenyewe moto ukiwa juu na inatulia ukiteleza, basi ukingo wa nyuma wa usukani unahitaji kurekebishwa. Ukiwa umezoea Yamaha ya nyumbani utaelewa kwa urahisi. Nyuma ya propela ya mashine ile, chini ya bamba, kuna kipezi kidogo kilichofungwa kwa bolti moja. Boti ikivuta kushoto, unakigeuza ncha yake ya nyuma ielekee kushoto. Usukani wa shaba hauna kipezi, lakini ukingo wake wa nyuma unafanya kazi ile ile. Boti ikivuta kushoto, unataka ukingo huo uelekee kushoto, na unaupata kwa kupunguza chuma upande wa kulia wa ukingo, kwa mshazari. Ikivuta kulia, punguza kushoto. Kitabu cha boti yako kikiwa na maelekezo yake, fuata kitabu.

Tumia tupa ya mkono. Grenda ni ya watu wenye haraka, na shaba ni laini. Kufumba na kufumbua umekata kilichokuwa kikikuzuia usivute upande wa pili. Piga mikwaruzo michache kwa urefu wote wa ukingo ili mshazari uwe mmoja, usiache mabonde, rudi majini na mizani yako ya masanduku, soma kilo. Na uachie hapo mvuto unapobaki mdogo. Ukiufuta kabisa, kebo italegea katikati na utaanza kulalamika kwamba boti inatangatanga.

Kwenye gati hali ni nyingine, na huko hakuna tupa itakayokusaidia. Ukirudi nyuma, propela inayatupa maji mbele, usukani haupigwi na kitu, na stelingi inakuwa pambo. Boti ya propela ya kulia itapeleka tezi yake, yaani sehemu yake ya nyuma, kushoto ikirudi nyuma, utake usitake. Ya propela ya kushoto itaipeleka kulia. Basi ingia gatini kwa ubavu unaokufaa: mwenye propela ya kulia aje na gati likiwa kushoto kwake, polepole, pua imeelekezwa kidogo ndani, kisha avute gia ya nyuma kwa muda mfupi. Boti itasimama na tezi italala gatini yenyewe. Ukilazimika kuingia kwa ubavu wa pili, njoo sambamba zaidi na gati, funga kamba ya nyuma mapema, na mwambie aliye nchi kavu aipokee kabla hujagusa gia ya nyuma.